Uliza Mjomba: Mbona Darajani hakuna daraja?

Barua za mwezi huu zimekuja kama watu wameambiana. Wanne toka sehemu nne tofauti, na wote wanauliza habari za barabara zinazozunguka mji wa zamani na viwanja vilivyo pembeni yake. Basi nimeziweka pamoja, na nitazijibu kwa mapana mana mada hii naipenda mno, mimi nimezaliwa Malindi ya Unguja na nimekua nikiizunguka Mji Mkongwe kwa miguu.

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi kijana wa Tanga, nasoma huku Vienna, Austria, huu mwaka wa pili. Kila siku napanda trami, yale mabehewa ya reli yanayopita barabarani, inayopita barabara wanaiita Ring, imeuzunguka mji wa kati kama mkanda. Kuna vituo vinaitwa Schottentor na Stubentor, nimeambiwa Tor maana yake lango, sasa lango lenyewe silioni, pale Schottentor ni ngazi tu na trami zinageuza. Na mbona majumba makubwa yote yamepangwa hapo hapo kwenye huo mkanda, bunge, manispaa, chuo kikuu, opera? Nani alikaa akapanga hivi?

JIBU: Marahaba baba, soma sana. Lango hulioni kwa sababu lilibomolewa pamoja na ukuta wake, na huo ukuta ndio unaouzunguka kila siku ukiwa ndani ya trami. Vienna ulikuwa mji wa boma. Waturuki wa Othmani waliuzingira mara mbili, 1529 na tena 1683, na mara zote mbili walishindwa kuingia. Nje ya ukuta kulikuwa na ardhi tupu kabisa, sehemu nyingine inafika karibu mita 500 upana, ikiitwa glacis, na ilikuwa marufuku kujenga hapo ili adui akija asipate pa kujificha, aonekane tu anavyokuja apigwe mizinga. Baada ya hiyo ardhi ndio vinaanza vitongoji. Kwahiyo weka picha kichwani: mji wa ndani umebanana, kisha ukuta, kisha uwanda mtupu, kisha watu wengine wengi wanaishi ng'ambo ya uwanda. Hilo neno ng'ambo lishike, tutalirudia tukifika Unguja.

Ilipofika 1809 jeshi la Napoleon liliingia na likalipua sehemu ya ngome karibu na ikulu, kila mtu akaona ukuta hausaidii tena mbele ya silaha za kisasa. Ila haukubomolewa. Ulikaa karibu miaka 50 mingine, na sababu moja kubwa ni kwamba wakubwa wa jeshi walikuwa wanawaogopa watu wao wenyewe, hasa baada ya mapinduzi ya 1848, waliona ukuta unaikinga ikulu na wafanyakazi wa vitongojini. Mpaka tarehe 20 Disemba 1857 Kaizari wa Austria, Franz Joseph, alipomwandikia waziri wake barua kuamuru ukuta uvunjwe, na gazeti la serikali likaitoa ile barua siku ya Krismasi. Mwaka uliofuata wakatangaza shindano la ramani, zikaja ramani 85. Barabara ikafunguliwa tarehe 1 Mei 1865, upana wake mita 57, na ukihesabu pamoja na kipande kinachopita kando ya mfereji wa mto Danube unapata kama kilomita 5.3. Siku inafunguliwa majumba mengi unayoyaona hayakuwepo bado, opera ilikuja 1869, bunge na manispaa 1883, chuo kikuu 1884.

Sasa pesa ilitoka wapi? Hapa ndipo nataka usome taratibu. Ile ardhi tupu waliikata viwanja, wakawauzia matajiri wajenge majumba ya fahari kwa unafuu wa kodi, na pesa ikaingia kwenye mfuko maalum wa kujenga majengo ya umma na bustani. Yaani ardhi iliyokuwa ya vita ililipia majumba ya makumbusho. Kati ya matajiri hao walikuwemo familia nyingi za Kiyahudi za mabenki na biashara, kama akina Ephrussi na Epstein, ambao kwa mara ya kwanza waliweza kuweka jina lao katikati ya mji mkuu. 1938 Wanazi walipoingia, nyumba ya akina Ephrussi pale karibu na hicho kituo chako cha Schottentor ikanyang'anywa, na watu wake wakatawanyika duniani. Ukishuka kesho itazame.

Na tofali pia uzikumbuke. Zilichomwa Wienerberg, kusini ya mji, na vibarua ambao wengi walitoka Bohemia na Moravia, nchi za Wacheki, walilala viwandani humo humo kwa kubanana, na walilipwa kwa vipande vya bati ambavyo vinakubalika kwenye duka la mwajiri tu. Daktari Victor Adler aliingia huko mwenyewe, 1888 akayaandika, na aibu ile ikawa moja ya chanzo cha chama cha wafanyakazi wa Austria.

Ulivyouliza kuhusu bunge, manispaa na chuo kuwa jirani, eneo lile lilikuwa uwanja wa gwaride. Jeshi halikutaka kuuachia kabisa, meya Cajetan Felder akahangaika mpaka kaizari akakubali, ndio yakajengwa yale majengo matatu na bustani mbele yake. Bunge wakalipa sura ya Ugiriki ya kale, manispaa wakaipa sura ya miji ya wafanyabiashara wa zamani, kila jengo na vazi lake. Halafu tarehe 28 Novemba 1905 wafanyakazi kama 250,000 wakatembea Ring kupita mbele ya hilo bunge wakidai haki ya kura, kimya kimya kwa mistari, na 1907 wanaume wote wakapiga kura. Barabara iliyopanuliwa jeshi lipite kirahisi ikawapitisha wao.

Malango yaliyobaki ni majina tu. Ila shuka stesheni ya chini ya ardhi ya Stubentor, wameacha vipande vya ukuta wa zamani ndani, mawe ya kweli kabisa. Na ukipita mtaa unaitwa Graben pale kati, jina maana yake handaki, mana ulikuwa handaki la ngome ya Warumi kabla hata ya huo ukuta.

SWALI: Mjomba, mimi nesi wa Mombasa, nasafiri na nitakuwa na saa sita za kusubiri ndege Vienna. Naweza kuiona hiyo barabara ya mzunguko na trami gani? Mtu kaniambia kuna moja inazunguka yote.

JIBU: Hiyo ya kuzunguka yote ilikuwepo zamani, tangu 2008 namba 1 na namba 2 hazimalizi duara tena. Fanya hivi: panda namba 1 Schwedenplatz inayoelekea Schottentor, itakupitisha chuo kikuu, manispaa, bunge, makumbusho mawili pacha, mpaka opera. Hapo shuka, panda namba 2 inayorudi Schwedenplatz kwa upande wa Stadtpark, ambayo ni bustani ya kwanza ya umma ya manispaa, imefunguliwa 1862. Duara limekamilika. Ukiwa na muda tembea kipande cha kati ya bunge na opera kwa miguu, na uangalie njia ya baiskeli, wanakuja kasi.

SWALI: Assalaam alaykum mjomba. Mimi nimezaliwa Kikwajuni, Unguja, nina miaka 22. Mwanangu wa miaka minne kaniuliza kwenye daladala, mama mbona Darajani hakuna daraja, nikakosa la kumwambia nikacheka tu. Na mimi mwenyewe nina langu, kwa nini sisi tunaitwa watu wa Ng'ambo, ng'ambo ya nini wakati hakuna mto?

JIBU: Waalaykumu salaam mwanangu, na huyo mtoto mbusu kwenye paji la uso kwa niaba yangu, swali lake ni zuri kuliko maswali mengi ya watu wazima.

Daraja lilikuwepo na maji yalikuwepo. Mji Mkongwe ulikuwa ncha ya ardhi iliyozungukwa na bahari karibu pande zote, upande wa magharibi bahari kuu, na upande wa nyuma hori, mkono wa bahari ulioingia toka kaskazini kule Funguni ukapita nyuma ya mji mpaka chini kule Mnazi Mmoja. Maji yakijaa mji unakaribia kuwa kisiwa. Yakitoka unabaki matope. Anayetaka kwenda upande wa pili anapita darajani, na huko upande wa pili ndio ng'ambo. Kwahiyo hamuitwi hivyo kwa ubaya wa asili, ni neno la mvuvi tu, ng'ambo ya maji. Ubaya ulikuja baadae, nitausema.

Hori lilijazwa kidogo kidogo, kazi ya miaka mingi enzi za Mwingereza, udongo na takataka za mji zikatiwa humo mpaka ikawa ardhi. Juu yake au kando yake ikapita barabara tuliyoijua wote kwa jina la Creek Road, sasa inaitwa Benjamin Mkapa, ila mwambie dereva wa teksi mtu mzima "Kriki rodi" uone kama atapotea. Ikaungana na njia nyingine na ukapatikana mzunguko: unatoka Malindi unashuka Darajani, soko lile lenye paa la vigae limejengwa 1904, unaupita upande wa Mkunazini ambako soko la watumwa lilifungwa 1873 na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa papo hapo, unafika viwanja vya Mnazi Mmoja, unakata kwa hospitali na Ikulu, unatokea Shangani, unakuja Forodhani, unapita mbele ya Beit al Ajaib, lile Jumba la Maajabu, Mizingani, umerudi Malindi. Mimi huwa nautembea alfajiri baada ya sala, saa moja hivi na salamu zake.

Yaani tofauti yetu na kule kwa kijana wa Tanga ni kwamba mkanda wao ulikuwa ukuta na mkanda wetu ulikuwa maji. Na sisi kama wao, kilichoondoka kimebaki kwenye majina. Hesabu mwenyewe: Darajani, Funguni, Forodhani, Ng'ambo. Forodhani ni mahali pa forodha, ushuru wa mizigo ulikuwa unatozwa pale mbele ya Ngome Kongwe, na tangu 1905 treni ya Bububu nayo ilikuwa inaanzia upande ule ule wa Ngome, inakatiza vichochoro mpaka watu wanabana migongo ukutani ipite. Bandari ilipohamia Malindi eneo likawa bustani, ilifunguliwa 1936, na hii tunayokalia sasa imetengenezwa upya na mfuko wa Aga Khan ikafunguliwa 2009. Kabla ya ukarabati huo watu wengi waliogopa kwamba wenyeji tutafungiwa nje tubaki kuchungulia wageni wanakula. Haikuwa hivyo. Nenda jioni uone watoto wa Ng'ambo wanavyoruka baharini toka ukutani, mmoja anapiga sarakasi hewani, na mama zao wamekaa na mishikaki na juisi ya miwa.

Sasa ubaya. Hori lilipokuwa maji lilikuwa mpaka wa bahari, mtu anavuka na maisha yake. Watawala wa kikoloni ndio waliolifanya mpaka wa watu. Mji wa mawe ukahesabiwa mji, na Ng'ambo yenye nyumba za udongo na makuti ikahesabiwa kama kitu cha nje, wakati watu wengi wa mjini walikuwa wanaishi huko huko Ng'ambo, na muziki, mpira na siasa vilikuwa vinatoka huko. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Mzee Karume ikataka kuugeuza moyo wa mji uwe Ng'ambo, wakaja wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ndio yale majumba marefu ya Michenzani yaliyokutana kama msalaba na raundi abauti katikati. Watu wanayasema vibaya sura yake. Mimi siyasemi, bibi yangu mdogo alipata bomba la maji ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza pale. Mji Mkongwe ukaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, Ng'ambo haikuingia, na nadhani dhana ya zamani bado iko kichwani mwetu kwamba historia inaishia Kriki rodi. Inauma. Kikwajuni ni mtaa wa zamani, mwanangu, hata kama mawe yake hayapigwi picha.

Na ukitaka kumuonyesha mtoto yale maji, subiri maji ya bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, umpeleke viwanja vya Mnazi Mmoja. Bahari inaingia uwanjani pale. Mwambie, angalia, maji yamerudi kwao.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mfanyabiashara Kariakoo, Dar es Salaam. Naomba unisaidie kuelewa, ile ardhi ya Mnazi Mmoja, hii ya kwetu Dar, kubwa vile, katikati ya mji kabisa, bei ya kiwanja pale huijui wewe, imekaa na miti na watu wamelala. Kwa nini isijengwe maduka ya maana na paking ya chini, serikali ikapata kodi na sisi tukapumua? Kariakoo imejaa, hata mkokoteni haupiti.

JIBU: Kaka, shida yako naijua, nimewahi kukwama na begi la vitenge pale Msimbazi nikadhani sitoki. Nitakujibu kwa heshima lakini nitakukatalia.

Ile ardhi haikubaki wazi kwa kusahaulika, iliachwa makusudi, na makusudi yenyewe yalikuwa mabaya. Dar ya kikoloni iligawanywa, Uzunguni huku, Uhindini pale kati, na Waafrika Kariakoo, jina lenyewe la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Mwingereza, Carrier Corps, wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Wakubwa wakataka ukanda mtupu kati ya Uhindini na Kariakoo, kisingizio kikiwa ni afya, eti malaria na moto visivuke. Wazo lilianza enzi za Mjerumani, Mwingereza akalitimiza miaka ya 1920. Angalia ramani, barabara ya Bibi Titi Mohamed imejikunja kuuzunguka mji wa kati kama upinde, na Mnazi Mmoja imekaa kando yake, kati yake na Lumumba. Ni glacis yetu, tofauti ni kwamba kule Vienna waliogopa mizinga na hapa walituogopa sisi.

Sasa angalia kilichotokea. Tarehe 7 Julai 1954 TANU inazaliwa kwenye nyumba ya mtaa wa New Street, ndio Lumumba ya leo, unavuka barabara tu umeingia uwanjani. Mikutano ya mwanzo watu walikusanyika pale pale Mnazi Mmoja, kwenye ardhi iliyowekwa ili wasivuke. Bibi Titi mwenyewe alikuwa anawaamsha kina mama wa mitaa ile ile, ndio maana sioni jina lingine lingeifaa barabara ile zaidi ya lake. Na mnara wa Mwenge wa Uhuru umesimama humo humo.

Nakubali kwamba Kariakoo inahitaji nafasi. Ila pima na hiki: mkijenga maduka pale, msongamano hautapungua, utahamia, kwa sababu kila duka linaleta wateja wake, na malori yake, na wapagazi wake. Kule Krakow, Poland, walipovunja ukuta wao hawakuuza ile ardhi, kati ya 1822 na 1830 waliipanda miti yote, ukanda wa bustani kama kilomita 4 kuzunguka mji, wanaiita Planty, na mpaka leo mtu anatoka dukani kwake mji wa kati anapumua dakika mbili akiwa chini ya mti. Wafanyabiashara wa pale hawajafa njaa.

Na hao unaowaona wamelala, kaka, wengi ni watu wako. Nilikaa pale mwezi uliopita toka saa sita mpaka saa nane mchana, benchi moja na kijana anayebeba mizigo ya duka moja la mtaa wa Kongo. Anaamka saa tisa usiku Mbagala. Alinyoosha miguu chini ya ule mti mkubwa, akaweka viatu chini ya kichwa, akaniomba nimwamshe saa saba na nusu mana yeye akichelewa dakika tajiri wake anamkata pesa. Nikamwamsha.